Kutoka Mkono hadi Milimita: Ubadilishaji wa Vipimo vya Urefu katika Kumbukumbu za Tabora na Njia ya Kale ya Misafara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kubadili vipimo vya urefu kati ya inchi na vipimo vingine, kwa kutumia mifano inayotoka Tabora na katika njia ya kale ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu limepitia mifumo kadhaa ya upimaji katika muda usiozidi karne moja na nusu: mkono na doti za wafanyabiashara wa misafara, mita ya utawala wa Kijerumani, inchi na futi za utawala wa Kiingereza, na kisha mita kwa mara ya pili baada ya Uhuru. Hoja kuu ni kwamba hesabu ya kubadili kipimo ni nyepesi, lakini uamuzi unaoitangulia si mwepesi. Kabla ya kuzidisha, mtafiti anapaswa kujua kama kipimo kilichomo katika chanzo chake ni cha mwili, cha makubaliano au cha sheria. Asipofanya hivyo, huongeza tarakimu ambazo chanzo hakikuwa nazo, na wakati mwingine huficha dhuluma ambayo chanzo kiliibeba.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayesoma kumbukumbu za magharibi mwa Tanzania hukutana na vipimo vya aina nyingi. Katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 atakuta doti, shuka, mikono na yadi. Katika ramani za Wajerumani atakuta kilomita. Katika daftari za mvua na michoro ya majengo ya wakati wa Waingereza atakuta inchi na futi. Katika taarifa za leo atakuta milimita na mita, ingawa fundi seremala aliye ng'ambo ya barabara bado atamtajia ubao wa mbili kwa nne.

Mazoea yaliyopo ni kuchukua kipimo cha zamani, kukizidisha kwa namba inayopatikana katika jedwali lolote, na kuandika jibu lenye tarakimu nne baada ya nukta. Mazoea hayo yana faida moja: yanamwezesha msomaji wa leo kupata picha ya haraka. Hata hivyo yana hasara, kwa kuwa yanachukulia kwamba vipimo vyote ni vya jinsi moja. Makala haya yanapitia jinsi hizo moja baada ya nyingine, yanaonesha hesabu zake kwa hatua, kisha yanapendekeza utaratibu unaoweza kufuatwa katika tasnifu za historia, jiografia na isimu zinazotumia takwimu za aina hii.

2.0 Vipimo vya mwili na mpangilio wake

Kiswahili kina mfumo kamili wa vipimo vya urefu vinavyotokana na mwili wa binadamu. Kidogo katika mfumo huo ni wanda, yaani upana wa kidole. Kinachofuata ni futuri, yaani nafasi iliyopo kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada vinapotanuliwa. Shibiri ni nafasi kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole kidogo cha mwisho. Shibiri mbili hufanya mkono, ambao pia huitwa dhiraa. Mikono miwili hufanya wari, na mikono minne hufanya pima, yaani urefu wa mikono yote miwili ya mtu inaponyooshwa kulia na kushoto.

Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alibainisha kwamba mkono wenyewe ulikuwa wa namna mbili. Mkono kamili ulipimwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mkono konde ulipimwa kutoka kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, ngumi ikiwa imefumbwa. Tofauti hiyo ni ya msingi kwa mtafiti, kwa sababu neno moja, "mkono", linaweza kubeba urefu wa aina mbili katika soko moja.

Wafanyabiashara wa pwani waliulinganisha mkono kamili na nusu ya yadi ya Kiingereza, yaani inchi 18. Kutokana na ulinganisho huo, mfumo mzima unaweza kuandikwa kwa inchi kama ifuatavyo:

Shibiri 1 = inchi 9 = sentimita 22.86
Mkono 1 = shibiri 2 = inchi 18 = sentimita 45.72
Wari 1 = mikono 2 = inchi 36 = sentimita 91.44
Pima 1 = mikono 4 = inchi 72 = mita 1.8288
Doti 1 = mikono 8 = inchi 144 = mita 3.6576

Jedwali hili ni sahihi kwa hesabu, lakini lisomwe kwa tahadhari. Safu ya kwanza inatokana na mwili, ambao hutofautiana baina ya mtu na mtu. Safu ya inchi inatokana na makubaliano ya biashara. Safu ya sentimita inatokana na sheria za kimataifa zilizowekwa karne moja baadaye. Kuziweka safu hizo tatu katika mstari mmoja na kuziunganisha kwa alama ya usawa ni kurahisisha jambo, na urahisi huo una gharama itakayooneshwa katika sehemu ya 4.0.

3.0 Inchi na mita: uhusiano wa kisheria

Inchi ya leo ni milimita 25.4 kamili. Usawa huu haukupatikana kwa kupima. Uliamuliwa. Mwaka 1959 nchi zilizotumia yadi, zikiwamo Marekani na Uingereza, zilikubaliana kwamba yadi moja iwe mita 0.9144 kamili. Kwa kuwa yadi ina inchi 36, inchi moja ikawa sehemu ya 36 ya mita 0.9144, yaani mita 0.0254. Tangu hapo inchi haina kielelezo chake yenyewe: inategemea mita. Mita nayo hutafsiriwa, tangu mwaka 1983, kuwa umbali unaopitwa na mwanga katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Kabla ya mwaka 1959 inchi ya Uingereza na ya Marekani zilitofautiana kidogo. Marekani, kwa agizo la mwaka 1893, ilihesabu kwamba mita moja ni inchi 39.37 kamili, na hivyo inchi yake ilikuwa ndefu kuliko milimita 25.4 kwa takriban sehemu mbili kati ya milioni moja. Inchi ya Uingereza ilikuwa fupi kwa kiasi kidogo kisichozidi hicho. Je, mtafiti wa Tabora anapaswa kulijali jambo hili? Njia ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ina urefu wa takriban kilomita 840. Sehemu mbili kati ya milioni ya urefu huo ni mita 1.7 hivi. Kwa mpima ardhi anayeunganisha alama za upimaji za nchi nzima, kiasi hicho kina maana. Kwa anayesoma bei ya nguo, urefu wa ukuta au kiasi cha mvua, hakina maana yoyote, na milimita 25.4 inatosha kwa vyanzo vya nyakati zote.

Uhusiano wa inchi na sentimita unaweza kuandikwa pia kwa namba nzima: inchi 50 ni sentimita 127 kamili. Namba 127 ni namba tasa, yaani haigawanyiki isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Ndiyo maana kutoka inchi kwenda sentimita jibu huwa fupi na kamili, ilhali kutoka sentimita kwenda inchi desimali hazifiki mwisho isipokuwa namba iliyotolewa iwe na 127 ndani yake. Mita moja ni inchi 5,000 zilizogawanywa kwa 127, yaani 39.37007874 na kuendelea. Mtafiti anayebadili vipimo vya mita kwenda inchi hana budi kukata desimali mahali fulani, na anapaswa kuamua mahali hapo kwa sababu, si kwa mazoea ya kikokotoo.

4.0 Doti, posho na swali la mkono wa nani

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857. Wakati huo Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo na maeneo mengine ya pwani ilipumzika hapo, ikaajiri wapagazi wapya, kisha ikagawanyika: mingine ilielekea magharibi hadi Ujiji, mingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Sarafu haikuwa na nguvu kubwa katika njia hiyo. Kilichonunua chakula, kilicholipa hongo kwa watemi na kilichowalisha wapagazi kilikuwa shanga, waya na zaidi ya vyote nguo.

Nguo iliyojulikana kuliko zote ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Biashara hiyo ilistawi baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, na meli nyingi zilitoka bandari ya Salem, Massachusetts. Hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) kuivuruga biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na India kuchukua nafasi, jina la merikani lilibaki. Jambo la kuzingatia ni hili: kitambaa kilifumwa na kuuzwa kiwandani kwa yadi, kikafika pwani katika majora, kisha kikakatwa na kutolewa njiani kwa mkono. Kitu kimoja kilikuwa na vipimo viwili, na kati ya vipimo hivyo viwili palikuwa na nafasi ya faida na hasara.

Henry Morton Stanley, katika kitabu alichochapisha mwaka 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Livingstone, anaeleza kwamba alipofanya maandalizi Zanzibar aliambiwa kuwa doti 10 kwa siku, yaani yadi 40, zingetosha kuwalisha watu 100. Takwimu hii inafaa kuwa mfano wa ubadilishaji, kwa kuwa inataja vipimo viwili kwa pamoja.

Yadi 40 ni inchi 1,440. Zikigawanywa kwa watu 100, kila mtu anapata inchi 14.4 kwa siku. Inchi 14.4 zikizidishwa kwa 2.54 zinakuwa sentimita 36.576, au sentimita 37 hivi. Kwa mkono wa inchi 18, hiyo ni sehemu nne za tano za mkono mmoja. Chakula cha siku nzima cha mpagazi kilikuwa na thamani ya kipande cha nguo kisichofika kutoka kiwiko chake hadi ncha ya kidole chake.

Sasa tuulize swali ambalo jedwali la sehemu ya 2.0 halikuliuliza: ni mkono wa nani? Doti 10 ni mikono 80. Tuchukulie kwamba anayepima ana mkono wa inchi 17 badala ya 18. Mikono 80 itakuwa inchi 1,360, pungufu kwa inchi 80. Upungufu huo, ukigawanywa kwa inchi 14.4, ni posho ya watu watano na nusu. Katika msafara wa watu 100, watu watano wamekosa chakula cha siku hiyo, ilhali daftari la mwenye msafara bado linaonesha doti 10.

Tuchukulie pia kwamba mpimaji anatumia mkono konde, na kwamba vidole vinapunguza inchi 4 kutoka katika mkono kamili wa inchi 18. Doti ya mikono konde minane itakuwa inchi 112, sawa na mita 2.84, badala ya inchi 144, sawa na mita 3.66. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguo imetoweka bila neno "doti" kubadilika. Inchi hizo 4 ni mfano wa hesabu tu. Watu hawalingani kwa vidole kama wasivyolingana kwa mikono. Lakini mwelekeo wa hesabu ni mmoja: anayetoa hunufaika kwa mkono mfupi na anayepokea hunufaika kwa mkono mrefu. Kwa sababu hiyo ubishi juu ya mkono haukuwa ukaidi wala upotezaji wa muda, kama wasafiri walivyozoea kuuelezea ubishi wa malipo. Ulikuwa ubishi juu ya kiasi cha chakula.

Hapa ndipo penye hatari ya kuandika "doti 10 (mita 36.576)" katika tasnifu. Namba 36.576 inadai usahihi wa milimita moja. Tukiruhusu mkono uwe kati ya inchi 17 na 19, doti 10 zinaweza kuwa popote kati ya mita 34.5 na mita 38.6. Tarakimu mbili za mwisho za 36.576 hazina msingi wowote katika chanzo. Ubaya wake zaidi ni kwamba zinamfanya msomaji aamini kuwa pande zote mbili zilikubaliana juu ya kiasi, wakati ambapo kiasi ndicho kilichobishaniwa.

Neno doti lenyewe linathibitisha kwamba maana ya kipimo inaweza kuhama. Katika lugha ya misafara, doti ilikuwa shuka mbili, kila shuka mikono minne. Leo, katika soko la Tabora kama ilivyo katika masoko mengine ya Afrika Mashariki, doti ya khanga ni jozi ya khanga mbili ambazo hazijakatwa. Kilichobaki ni wazo la vipande viwili. Urefu wa yadi nne umesahaulika. Mtafiti akikuta "doti" katika mahojiano ya leo na kuibadili kuwa mita 3.66, atakuwa amebadili neno la karne nyingine.

5.0 Reli: kipimo cha sheria

Tofauti na nguo, reli haiwezi kuvumilia mkono wa mtu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Kijerumani, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa reli hiyo ilifuata mwelekeo wa njia ya misafara, na ikaimaliza kazi ya upagazi wa masafa marefu. Upana wa njia yake, yaani nafasi iliyopo kati ya pande za ndani za reli mbili za chuma zinazobeba magurudumu, ni mita moja, au milimita 1,000.

Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora mnamo Septemba 1916, na baadaye eneo likawa chini ya Waingereza. Reli ya mita moja ikawa mikononi mwa wahandisi waliozoea futi. Katika vitabu vya Kiingereza upana wa reli ya mita moja huandikwa futi 3 na inchi 3 na sehemu tatu za nane. Tuhakiki. Futi 3 ni inchi 36; jumla ni inchi 39.375. Zikizidishwa kwa 25.4 zinakuwa milimita 1,000.125. Tofauti na mita kamili ni sehemu moja ya nane ya milimita, ambayo ni ndogo kuliko mabadiliko yanayoletwa na jua la mchana na uchakavu wa chuma. Ukadiriaji huu unakubalika, kwa sababu umefanywa ndani ya mipaka ambayo kazi yenyewe inairuhusu.

Reli nyingine mbili za Tanzania zinaonesha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Reli ya TAZARA ina upana wa futi 3 na inchi 6, yaani inchi 42. Inchi 42 ni milimita 1,066.8, lakini huandikwa 1,067. Reli ya kisasa ya SGR, ambayo njia yake imepangwa kupita Tabora, ina upana wa milimita 1,435. Kipimo hicho kilizaliwa Uingereza kama futi 4 na inchi 8 na nusu, yaani inchi 56.5, ambazo ni milimita 1,435.1. Katika mifano yote mitatu, kipimo cha asili kilikuwa cha mfumo mmoja, kikatafsiriwa katika mfumo wa pili kwa kukadiriwa, na ukadiriaji ukawa sheria mpya.

Ukadiriaji wa sehemu ya milimita hauna madhara, lakini tofauti ya mifumo yenyewe ina madhara makubwa. Kati ya reli ya mita moja na ile ya TAZARA kuna tofauti ya milimita 67, sawa na inchi 2.6. Kwa sababu ya upana huo wa vidole vitatu au vinne, behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, na pale Kidatu, mifumo hiyo miwili inapokutana, mizigo hulazimika kuhamishwa.

6.0 Ramani na daftari za mvua

Ramani za eneo la Tabora zinamtaka mtafiti abadili vipimo mara mbili: kutoka karatasi hadi ardhi, na kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Wajerumani walichora Afrika Mashariki yao kwa kipimo cha 1:300,000. Anayepima ramani hiyo kwa rula ya inchi atapata kwamba inchi moja ni inchi 300,000 ardhini. Zikizidishwa kwa sentimita 2.54 zinakuwa sentimita 762,000, yaani kilomita 7.62, au maili 4.73 hivi. Katika ramani za 1:50,000, inchi moja ni kilomita 1.27. Katika ramani za Kiingereza za inchi moja kwa maili, kipimo ni 1:63,360, kwa kuwa maili ina inchi 63,360. Humo sentimita moja ni mita 633.6. Kosa la kawaida ni kuisoma ramani ya inchi moja kwa maili kana kwamba ni ya 1:50,000. Umbali unaopatikana hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, na kijiji kinachotafutwa hukosekana mahali kinapotarajiwa.

Daftari za mvua zinatoa funzo la namna nyingine. Katika wakati wa Waingereza mvua iliandikwa kwa inchi hadi sehemu ya mia. Sehemu moja ya mia ya inchi ni milimita 0.254. Mtafiti akibadili kila siku peke yake na kukadiria hadi milimita nzima, siku iliyoandikwa inchi 0.01 itakuwa milimita 0. Kwa jumla ya mwaka hasara hiyo huenda ikawa ndogo, lakini kwa anayehesabu idadi ya siku za mvua, siku hiyo imefutwa. Ulinganisho wa siku za mvua za zamani na za sasa utaonesha mabadiliko ya hali ya hewa ambayo hayakutokea angani bali yametokea katika kikokotoo. Njia salama ni kuhifadhi desimali zote hadi mwisho wa hesabu. Jumla ya inchi 36.00 kwa mwaka ni milimita 914.4, na ukadiriaji ufanyike hapo, baada ya kujumlisha.

7.0 Vipimo viwili katika soko la leo

Tanzania iliingia rasmi katika mfumo wa mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo usimamizi wa vipimo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Hata hivyo inchi haikuondoka. Ubao huitwa mbili kwa nne, tofali huitwa la inchi sita, bomba huitwa la nusu inchi, na runinga hupimwa kwa inchi kutoka kona hadi kona. Nondo, kwa upande wake, hutajwa kwa milimita. Fundi mmoja hutumia mifumo yote miwili katika ukuta mmoja bila kutatizika, kwa sababu kwake "inchi sita" limekuwa jina la tofali kabla ya kuwa kipimo chake.

Tatizo huanza pale jina linapochukuliwa kuwa kipimo katika malipo. Bati la futi 10 ni mita 3.048. Bati la mita 3 ni pungufu kwa sentimita 4.8. Aliyechorewa paa kwa futi akauziwa bati kwa mita amepoteza karibu wanda tatu katika kila bati, na upungufu huo hujitokeza pale mabati yanapopishana, mahali ambapo maji hupenya. Tofali la milimita 150 nalo si sawa kabisa na la inchi 6, ambalo ni milimita 152.4, katika tofali 10 zilizopangwa tofauti ni sentimita 2.4. Hali hii haitofautiani kimsingi na ile ya doti: neno limebaki lilelile, urefu umehama, na anayelipa gharama ni yule asiyeshika kipimo.

8.0 Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, utaratibu ufuatao unapendekezwa kwa watafiti wanaobadili vipimo vya urefu kutoka katika vyanzo vya eneo hili.

Kwanza, kipimo cha asili kiandikwe kama kilivyo katika chanzo, kisha tafsiri yake ifuate. Kisiondolewe na kuachwa tafsiri peke yake.

Pili, jinsi ya kipimo itajwe. Kipimo cha mwili kipewe masafa, si namba moja: mkono ni takriban sentimita 46, kati ya 43 na 48. Kipimo cha makubaliano, kama vile doti ya yadi nne, kitajwe pamoja na waliokubaliana na mahali walipokubaliana. Kipimo cha sheria, kama vile upana wa reli, kinaweza kupewa namba kamili.

Tatu, kizidishi kamili kitumike, na ukadiriaji usifanywe katikati ya hesabu. Yadi 40 zikibadilishwa kwa kizidishi cha haraka cha 2.5 hutoa mita 36. Zikibadilishwa kwa 2.54 hutoa mita 36.576. Tofauti ni sentimita 57.6, ambazo kwa kiwango cha Stanley ni zaidi ya posho ya mtu mmoja na nusu.

Nne, jibu la mwisho lisiwe na usahihi unaozidi ule wa chanzo. Chanzo kikisema "doti 10", tafsiri inayofaa ni "takriban mita 37".

Tano, hesabu irudishwe nyuma. Jibu la sentimita ligawanywe kwa 2.54 ili kuona kama linarejea katika inchi za mwanzo. Hatua hii huchukua muda mfupi na hugundua makosa mengi ya kuhamisha nukta.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kubadili inchi kuwa sentimita ni kuzidisha kwa 2.54, na kwamba hakuna ugumu wowote katika hilo. Ugumu umo katika kujua ni kitu gani kinachozidishwa. Reli ya Tabora ilipimwa kwa kipimo ambacho hakikubadilika alipobadilika mtawala. Nguo ya njia ya misafara ilipimwa kwa mwili wa mtu, mbele ya mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kubisha. Mtafiti anayezipa namba hizo mbili usahihi uleule anaziondolea historia yake. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba tasnifu zinazotumia takwimu za biashara ya misafara zipitie upya tafsiri za vipimo vyake, hasa pale zinapokadiria posho na ujira wa wapagazi. Kwa watu ambao chakula chao cha siku kilikuwa pungufu ya mkono mmoja wa merikani, inchi moja haikuwa kiasi cha kupuuzwa.